Maoni ya pili ya saratani ya utumbo mpana ukiwa Malindi: Mombasa, Nairobi au Mumbai?

Ikishajulikana kwamba saratani ya utumbo ya mkeo au mumeo imefika kwenye ini, Malindi nzima inakuwa na ushauri. Huyu anataja India, yule anataja shubiri na habasoda, mwingine ana namba ya wakala. Hapa tunapima njia tatu anazoweza kuzifikia mtu wa Malindi, au wa Lamu anayepitia hapa: Hospitali ya Rufaa ya Coast General Mombasa, hospitali kubwa za Nairobi, na maoni ya maandishi kutoka Tata Memorial ya Mumbai kupitia jukwaa la mtandaoni la Navya.

Kipimo chetu ni kimoja: je, daktari wa upasuaji wa ini ameziangalia picha kwa macho yake? Hatua ya 4, yaani saratani iliyosambaa hadi viungo vya mbali, si ugonjwa wa sura moja. Vinundu vitatu kwenye ini vinavyoweza kukatwa, kukabaki kama asilimia 30 ya ini zima lenye mishipa yake, ni habari tofauti kabisa na saratani iliyotapakaa kwenye utando wa tumbo. Ya kwanza inaweza kupasuliwa kwa nia ya kuponya, ya pili mara nyingi inatulizwa kwa dawa. Ripoti iliyoandikwa "vinundu vingi kwenye ini" haikuambii uko upande gani, na daktari wa kemo peke yake hawezi kukuamulia.

Kabla ya kuchagua hospitali, kusanya bahasha. Maoni mabovu mengi huanzia kwenye bahasha mbovu, wala si kwa daktari.

Kwanza bloku. Hiki ni kipande cha nyama ya biopsi, yaani iliyochotwa kwenye uvimbe ili ipimwe, kilichozamishwa kwenye nta, kimekaa juu ya kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, na ubavuni kimeandikwa namba kwa penseli. Kipo kwenye maabara iliyosoma biopsi, ambayo si lazima iwe hospitali ilikofanyika kolonoskopi (kamera ya utumbo). Iombe kwa barua ya daktari, na palepale dirishani linganisha namba ya ubavuni na ya ripoti kabla hujatia saini. Tarakimu moja ikipishana, maabara ya pili itakataa kuipokea, na wewe utarudi Mombasa kwa kalamu ya karani. Isafirishe kwenye mkoba wa mkononi. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, na dashibodi ya gari lililofungwa vioo kwenye jua la Malindi haiko mbali na hapo.

Bloku ndiyo inayotoa vipimo vinavyochagua dawa. Omba vyote kwa mkupuo: jeni za KRAS, NRAS na BRAF, na protini nne za kurekebisha DNA, yaani MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Karibu nusu ya wagonjwa wana badiliko la KRAS au NRAS, na hao dawa ya setuksimabu haiwasaidii hata ikilipiwa dhahabu. Asiye na badiliko hilo naye aulize uvimbe wa mwanzo uko upande gani: dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa kushoto kuliko kulia. Zile protini nne zikionyesha upungufu, jambo linalowapata wagonjwa kama 5 kati ya 100 wa hatua hii, pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, inaweza kutangulia kemo kabisa. Ni wachache, lakini kwao kipimo hiki kinabadilisha kila kitu, na ndicho ambacho mara nyingi hakiombwi mpaka familia iulize.

Pili picha. CT iwe ya kifua, tumbo na nyonga, yenye dawa ya mshipani, isiyozidi wiki 4 hadi 6. Kabla ya dawa hiyo kipimwe kreatinini (kipimo cha damu cha figo), na mgonjwa wa sukari anayemeza metformini aseme mapema. Usichukue filamu tu. Filamu ile kubwa nyeusi ni muhtasari, na picha za filamu zilizopigwa kwa simu zikatumwa WhatsApp hazina kazi kwa mpasuaji. Omba CD yenye mafaili ya DICOM, yaani picha kamili za mashine, uifungue kwenye kompyuta kabla hujaondoka: faili ziwe mamia, uzito wake mamia ya megabaiti. Uliza kama vipande vyembamba vya milimita 1 hivi vimehifadhiwa, kwa sababu vya milimita 5 huruka vinundu vidogo. Nakili kwenye flashi mbili.

Ikiwa ini ndilo limeguswa, na upasuaji unafikiriwa, MRI ya ini ipigwe kabla ya kemo. Kemo ikifanya kazi, vinundu vidogo hutoweka kwenye picha huku chembe hai zimebaki, na mpasuaji hatajua akate wapi. Hili likipita halirudi.

Tatu, ukurasa mmoja uliochapwa: umri, magonjwa mengine, dawa zote na vipimo vyake, upasuaji uliofanyika na tarehe, namba za CEA (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii) kwa mpangilio wa tarehe, uzito wa sasa na wa miezi mitatu iliyopita, na kama mgonjwa anatembea na kujihudumia. Shubiri na foliki asidi nazo ziandikwe. Shubiri huharisha, na foliki asidi kwa wingi huongeza sumu ya kapesitabini, kemo ya vidonge. Mume anayeficha dawa za kienyeji za mkewe ili asigombwe na daktari anamwongezea mgonjwa hatari bure.

Sasa huduma zenyewe.

Coast General, ambayo wengi bado wanaiita Makadara, ni kilomita 120 hivi kutoka Malindi, na ndipo pa kuanzia. Ina kituo cha saratani, na ubora wake mkubwa ni umbali: kemo si safari moja. Mchanganyiko wa dawa uitwao FOLFOX au FOLFIRI hurudiwa kila siku 14, CAPOX kila siku 21, na mgonjwa aliyechoka hawezi kupanda ndege ya Nairobi kila mara. Watu huisifu au kuiponda hospitali kwa mashine ya mionzi. Kwa utumbo mpana hicho si kigezo, kwani mionzi ni ya puru zaidi, au ya kutuliza maumivu ya mifupa. Swali la kuuliza kliniki ni hili: kesi yetu itapelekwa kwenye kikao cha madaktari wa fani zote, na bingwa wa ini atakuwemo? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, omba rufaa ya maoni tu, tiba ibaki Mombasa.

Nairobi tunaipa alama za juu kwa swali la ini. Kenyatta, Aga Khan na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina mabingwa wengi mahali pamoja, na hizo mbili za mwisho zina PET, picha inayoonyesha saratani kwa namna inavyomeza sukari. Lakini usiikimbilie PET. Huipita saratani yenye ute mwingi na vinundu vilivyo chini ya sentimita 1, na baada ya kemo hudanganya zaidi. Inafaa pale tu upasuaji unapokaribia na daktari anataka kuhakikisha hakuna kitu kwingine. Panga miadi ya mpasuaji wa ini na ya daktari wa kemo ndani ya siku mbili, mpasuaji atangulie. Mgonjwa akiwa dhaifu, bahasha inaweza kwenda bila yeye kwa mazungumzo ya kwanza. Uliza kliniki kabla ya kukata tiketi.

Mumbai kwa mtandao ndiyo iliyotushangaza kwa wema. Unapakia ripoti, unajibu maswali, na maoni ya wataalamu yanarudi kwa maandishi unayoweza kumpelekea daktari wako. Maandishi ndiyo thamani yake, maana mazungumzo ya kliniki husahaulika mlangoni. Udhaifu wake: hakuna anayempapasa mgonjwa tumbo, na jibu haliwezi kuzidi ripoti ulizopakia. Dawa inayopendekezwa pia inaweza kuwa ya bei ambayo familia haina. Mkiamua kusafiri, kuna viza ya mtandaoni ya matibabu na nyingine ya msindikizaji, na cheti cha homa ya manjano kinahitaji siku 10 baada ya sindano ndipo kihesabike.

Mawakala hatuwapi alama. Wengi hulipwa kamisheni na hospitali wanakokupeleka. Anayekutajia bei ya jumla kabla hajauliza kuhusu CD wala bloku anauza tiketi. Anayetaja tiba ya seli shina kwa saratani hii, funga simu.

Muda nao. Maoni ya pili yasizidi wiki mbili, na mgonjwa mwenye dalili za utumbo kuziba (tumbo limejaa, kutapika, hapiti haja wala upepo) hasubiri maoni ya mtu: ni hospitali usiku huohuo. Kemo ikiwa imeshaanza, mlango haujafungwa. Wakati mzuri wa kuuliza tena ni picha za baada ya miezi miwili. Kama upasuaji wa ini unawezekana, usiachwe mpaka kemo ya miezi sita iishe, kwa sababu dawa za kemo za oksaliplatini na irinotekani huliumiza ini lenyewe. Bevasizumabu, dawa inayoongezwa kwenye kemo, isimamishwe kama wiki 6 kabla ya kisu.

Fedha: SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilianza na shilingi 400,000 za saratani kwa kaya kwa mwaka, kisha 150,000 za mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hupangwa upya, kwa hiyo uliza salio dirishani kabla ya kila hatua, na idhini iombwe kabla ya dawa, si baada. Kumbuka ni kwa kaya, si kwa mgonjwa.

Jambo moja la nyumbani ambalo hospitali za bara hazilifikirii ni joto letu. Kwenye FOLFOX mgonjwa anaweza kurudi na chupa ya plastiki saizi ya chupa ya maziwa ya mtoto, ndani yake puto linalosinyaa polepole kwa saa 46. Kasi yake hufuata joto. Likikaa juani au kando ya jiko, dawa huenda mbio. Kivae chini ya nguo, kivulini, na utie alama ya kalamu kwenye chupa kila asubuhi na jioni. Puto likisinyaa saa nyingi kabla ya wakati, pigia wodi simu, usingoje madhara. Siku chache baada ya oksaliplatini, maji ya barafu na madafu ya friji yawekwe kando, kwani baridi hukaba koo na kuchoma vidole. Na homa ikifika nyuzi 38, hata saa nane za usiku, tuktuk iitwe, panadoli isitangulie.