Kununua shatafu Maskati: ipi ya kuchukua, ipi ya kuiacha dukani

Katika fleti nyingi za kupanga hapa Maskati, kitu cha kwanza kukusumbua si kiyoyozi wala jiko, ni shatafu, ile bomba ya mkononi ya kuchambia chooni. Mwenye nyumba aliinunua jengo linapomaliziwa, akachukua ya bei ya chini kuliko zote, akafunga ya namna moja kila choo. Inaanza kwa kudondosha tone moja moja usiku. Halafu nati inaota ukoko wa kijani. Mwisho mpira unapasuka nyumba ikiwa haina mtu, na jirani wa chini anakuwa wa kwanza kujua.

Ukimwita fundi bomba, atakuja "bukra" (kesho), yaani siku yoyote isipokuwa leo. Akifika atatikisa kichwa, atakwambia ukanunue mpya, na hatakwambia ya aina gani. Ndivyo unavyojikuta Ruwi, Honda Road, umesimama mbele ya ukuta mzima wa vyuma vinavyong'aa, na muuzaji anaapa kwamba kila kimoja ni "original".

Usiangalie mng'ao. Shatafu ni vitu vitatu vilivyounganishwa: koki ya ukutani, mpira, na kichwa cha kushika mkononi. Watu hutoa pesa kwa ajili ya kichwa, kwa sababu ndicho kinachoonekana. Kichwa kikiharibika utalowa miguu, basi. Koki ikiharibika, nyumba inafurika.

Ujue pia maji unayoyatumia. Maji ya Maskati kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyotolewa chumvi kwenye mitambo kama ya Barka na Ghubra, yakatiwa klorini, yakapanda kwenye tangi la juu ya paa. Hapo ndipo jua linapofanya kazi yake. Mwezi wa sita, mchana, maji ya bomba la baridi yanaweza kukufanya urudishe mkono haraka. (Wakazi wa siku nyingi wanazima hita ya bafuni kiangazi na kuoga kwa bomba la "moto", kwa kuwa maji yaliyolala ndani ya hita iliyozimwa yako kivulini na yamepoa.) Mpira wa plastiki laini unaokaa na maji hayo, tena ukiwa na presha ya pampu kutwa kucha, unakakamaa kisha unapasuka. Kwa hiyo shatafu iliyodumu miaka Tanga haina lazima ya kudumu hapa.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ya kuchukua hadi ya kukimbia.

1. Vipande vitatu, unavyonunua kimoja kimoja

Koki ya brasi, mpira wenye wavu wa stenlesi, kichwa cha plastiki ngumu, ile wanayoiita ABS. Muuzaji atakushangaa kwa nini unanunua brasi ukutani na plastiki mkononi. Mwache ashangae. Plastiki nzuri haili kutu, isiyopakwa kromu haina cha kuchubuka, na ikichoka unabadilisha kichwa peke yake bila kugusa kingine.

Koki ndiyo ya kukagua kwa makini. Igeuze utazame ndani ya tredi (ile mikato ya kuzungushia), mahali ambapo kromu haikufika. Brasi ni ya njano. Ukiona kijivu, hiyo ni zinki iliyovalishwa, irudishe. Ipime pia mkononi: koki mbili za ukubwa mmoja, ya brasi itakuwa nzito kuliko ya zinki. Ubaya wa zinki si kwamba inavuja tu. Inaoza ndani ya ukuta, na siku fundi akiizungusha kwa spana, inakatika, kipande cha tredi kinabaki ndani. Kukitoa ni kazi ya nusu siku, na mara nyingine kigae kinavunjwa. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili haizidi chakula cha mchana cha watu wawili.

Chagua inayofunga kwa robo mzunguko. Zile za kuzungusha sana zina washa ya mpira inayosagika, na kadiri unavyozidi kuikaza ndivyo unavyozidi kuiua. Kama koki moja inalisha tangi la choo na shatafu, nunua ya njia mbili yenye mikono miwili. Ile ya mkono mmoja inafunga vyote kwa pamoja, na ukichoka kuifungua kila mara ili tangi lijae, utaiacha wazi siku zote. Hapo umerudi palepale.

Mpira usikudanganye kwa wavu wake wa fedha. Baadhi ni nyaya za alumini, nyepesi, zinakatika moja moja hadi mpira wa ndani unavimba kama puto na kupasuka. Muulize muuzaji wa ndani ni wa aina gani; EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, inavumilia maji ya moto kuliko PVC, ambayo ni plastiki. Kisha ukunje mkononi: ukijivunja na kubaki na kovu, hata wiki ya kwanza utakusumbua. Tazama nati za pande zote mbili, ziwe za brasi na zenye washa ndani.

Kichwa kibonyeze mara nyingi pale pale dukani. Kitufe kirudi chenyewe kwa nguvu. Kikirudi kivivu leo, baada ya muda hakitarudi. Epuka vyenye kishikizo cha kufungia kitufe kikae wazi. Mtoto atakibonyeza, atakwenda zake.

2. Seti nzima ya brasi

Ni nzuri, na kama nyumba ni yako, chukua hii. Naishusha nafasi moja kwa sababu mbili tu: bei, na uzito wa kichwa, kwani kikianguka kinapasua kigae au bakuli la choo. Kabla ya kulipa, hakikisha duka linauza washa, oringi na springi za seti hiyo. Brasi isiyo na spea ni pambo.

Wanaokaa mashambani Batina, ukanda wa pwani magharibi ya Maskati, na kutumia maji ya kisima wawe waangalifu zaidi. Pwani ile chumvi ya bahari imeingia visimani, na brasi ya kawaida kwenye maji ya namna hiyo inapoteza zinki yake taratibu, inabaki shaba ya matundutundu isiyo na nguvu. Tafuta iliyopigwa chapa ya DZR au CR kwenye mwili wake, yaani brasi iliyotengenezwa isipoteze zinki.

3. Seti ya stenlesi

Ikiwa kweli ni 304, daraja zuri la stenlesi, inaweza kushindana na brasi. Shida ni hilo neno "kweli". Nyingi zinazoandikwa 304 ni 201, daraja la chini lenye nikeli kidogo, na inaanza madoa ya kutu bafuni mapema. Muuzaji atatoa sumaku mfukoni akuonyeshe kwamba hainasi. Sumaku hainasi kwenye 304, na kwenye 201 pia hainasi, kwa hiyo hajakuonyesha kitu. Kama duka ni la kuaminika na lina dhamana ya maandishi, nunua. Kama ni stika tu, pita.

4. Seti ya plastiki yote

Hii ndiyo inayouzwa kwenye kadi, karibu na kaunta. Inafaa kwa mtu aliyebakiza miezi michache ya mkataba, ila ile koki ya plastiki usiifunge ukutani kamwe. Tumia mpira na kichwa, koki nunua ya brasi.

5. Zinki iliyopakwa kromu

Mbaya kuliko zote, na ndiyo inayopendeza kuliko zote. Ina sanduku zuri, dhahabu au nyeusi isiyong'aa, bei ya katikati inayokufanya udhani umenunua ubora. Afadhali namba nne, ambayo haijifichi.

Kuhusu kufunga, huhitaji fundi kama koki ya ukutani haiguswi. Ukubwa ni nusu inchi. Zima maji kwenye valvu kuu kwanza. Utepe mweupe unazungushwa kwenye tredi ya koki inayoingia ukutani tu. Kwenye nati za mpira washa ndiyo inayozuia maji, utepe hauna kazi. Kaza kwa mkono, ongeza kidogo kwa spana, acha. Ukisikia inalia, umeshapita.

Chupa ya Clorox usiiweke kando ya mpira. Mvuke wake unakula hata stenlesi nzuri. Na kila ukimaliza kuchamba, funga koki. Shatafu haikutengenezwa kubeba presha saa ishirini na nne, hata iwe ya bei gani.

Soma mkataba kabla ya kumdai mwenye nyumba pesa: ipo inayosema matengenezo madogo ni ya mpangaji. Kama wako hausemi hivyo, mpelekee risiti na picha ya ile iliyooza.

Wanaofunga mizigo kwenda Unguja au Dar, tredi ni ile ile nusu inchi, hivyo koki na mpira vya huku vinaingia kule bila adapta. Kichwa cha ABS msihangaike kukisafirisha, Kariakoo vipo.