Nanga ilifika salama, lakini msimamizi wao sitamsahau

Hawa mafundi wa kufunga nanga za boti nimewapa kazi mara moja na sidhani kama nitawapa tena. Nasema sidhani kwa sababu nusu ya kazi yao niliipenda mno, mpaka jioni ile nikawapigia watu simu kuwasifia. Jina lao naliweka kando. Nataka wenye boti wenzangu mjue kilichonikuta.

Nilihitaji nanga ya kudumu pale Msasani kwa boti yangu ya kupeleka watu kisiwa cha Bongoyo: zege la tani 1, mnyororo na boya. Lori lilishusha zege ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Kreni hakuna. Moyo ukanidunda. Vijana wakalifunga chini ya jukwaa la mapipa 6, wakaenda kivulini kula mihogo. Maji yalipojaa, mzigo ukainuka wenyewe, polepole, kama mtu anayeamka usingizini. Zege likiwa ndani ya maji ya bahari hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Ile tani inabaki kama kilo 570, na pipa moja la lita 200 hubeba zaidi ya kilo 150. Boti ndogo ikalivuta hadi mahali pake bila hata kulikwaruza. Nilisimama maji yamenifika magotini nikiwapigia makofi. Kwa usafirishaji, sijaona wa kuwashinda.

Kisha akaja msimamizi.

Zilikuwa siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, kinyume cha bamvua, inapojaa na kupwa kupita siku zote. Alikuwa amepima kina asubuhi, maji yakiwa chini, kamba ikaonyesha mita 4. Akaamuru mnyororo wa mita 7. Nikamwambia kwa adabu, kaka, bamvua ikija hapa huu mnyororo utakuwa mfupi. Mimi ni mtoto wa nahodha wa jahazi, bamvua nimeijua kabla sijajua kusoma. Akanigeukia mbele ya watu wote: “Mama, mimi nimeshusha nanga Angola, kina zaidi ya mita 1,000. Leo wewe unifundishe habari za maji kujaa?” Vijana wakacheka. Mzamiaji peke yake hakucheka.

Kazi ya kina kirefu naiheshimu. Kule hushusha bomba pana la chuma, juu limezibwa, chini liko wazi. Roboti inanyonya maji yaliyomo, na shinikizo la bahari yenyewe linalididimiza kwenye tope. Ni ufundi mkubwa. Lakini kule, juu ya mita 1,000, maji yakipanda mita 3 nani atashtuka? Msasani, mita 3 ni karibu bahari nzima! Tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hapa Dar es Salaam inapita hizo mita 3. Mnyororo ukiwa mrefu, sehemu yake inalala mchangani, wimbi linauinua huo kwanza kabla ya kuigusa nanga. Ukiwa mfupi unasimama wima, na kila wimbi linalibetua zege lenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi mpevu, kusi inavuma, usiku nikapigiwa simu na wavuvi. Boya limezama, omo, yaani mbele ya boti, imevutwa chini inakunywa maji, na zege linatambaa. Tulipofika, tezi, yaani nyuma ya boti, ilikuwa imeshavunja mrengu, ule ubao wa pembeni unaozuia chombo kisipinduke, wa ngalawa ya mzee mmoja, mtu ambaye hana chombo kingine. Nililipa mimi. Nilimpigia msimamizi, akasema kamba zangu mbovu, akakata simu. Nilitetemeka kwa hasira, na hata sasa ninapoandika mkono haujatulia.

Nilikuwa niishie hapo, niseme msiwape kazi kabisa. Lakini maji mafu yaliyofuata yule mzamiaji alikuja peke yake. “Shikamoo mama, siku ile niliona, nikashindwa kusema mbele ya mkubwa.” Akaongeza mnyororo hadi mita 20, akafunga kwa waya kila pini ya pingu, kile chuma cha kuungia mnyororo, isijifungue, akanionyesha moja moja. Nilinunua mnyororo tu, ujira aliukataa. Bamvua mbili zimepita na boti imetulia.

Basi mkiwa na mzigo mzito wa kufikisha majini, wapeni, kwa kweli wanajua. Kufunga, mwombeni yule mzamiaji, na kina mpime wenyewe. Au hapana. Nikikumbuka kile kicheko, na mzee amekaa mchangani anaokota vipande vya mrengu wake, hata mzigo msiwape, mpaka yule bwana aje Msasani kumwomba mzee radhi. Hajaja bado.