Meli ya kitalii kutoka Southampton na watoto wadogo wenye mzio wa chakula: ipi ianze, ipi ifuate

Mwanangu mkubwa ana miaka minne, na karanga, lozi au korosho kidogo tu humvimbisha midomo. Mdogo wake bado yuko kwenye pampasi. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo nyama tunayokula ni ya halali tu. Vipeperushi vyote vya meli nilivyopewa vilijaa picha za mabwawa na mitelezo ya maji, na hapakuwa na hata kimoja kilichoeleza chakula cha mtoto kama wangu hupikwaje, na nani hukileta mezani. Kwa familia kama yetu, anza na jiko, kisha angalia umri wa mtoto mdogo, halafu bei. Mitelezo ya maji iwe ya mwisho.

Nazungumzia bandari ya Southampton kwa sababu sisi tunaoishi Uingereza tunafika pale kwa gari. Unapakia maziwa ya kopo, nafaka za mtoto na biskuti anazozijua, bila kuhesabu kilo za uwanja wa ndege. Chakula cha kiwandani ambacho hakijafunguliwa kwa kawaida hukubaliwa melini. Ukishuka Ufaransa au Hispania kumbuka kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza kuingiza nyama na maziwa kutoka Uingereza. Maziwa ya unga na chakula maalumu cha mtoto kisichohitaji friji vimeruhusiwa kwa kiasi kidogo.

Safari yetu ya kwanza, kwa meli ambayo sitaitaja, tulikula asubuhi kwenye bufee. Msafiri mmoja alichota nafaka zenye lozi, kisha akazamisha kijiko kilekile kwenye bakuli la nafaka tupu. Dakika chache baadaye mwanangu alijaa vipele shingoni. Daktari wa meli alimtibu vizuri, na jioni bili ikaingia kwenye akaunti ya kabini, maana zahanati ya melini hulipiwa, na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, haiko baharini. Tangu siku hiyo hatuli bufee kabisa. Tunakula kwenye ukumbi mkuu wa chakula, kwa mhudumu yuleyule kila siku, na kila usiku tunachagua chakula cha kesho ili jikoni wakipike kando. Bima nayo uikate ukiwa umetaja mzio waziwazi, usije ukakataliwa dai.

Nafasi ya kwanza naipa P&O, hasa meli ya Iona inayokwenda Norwe majira ya joto. Ina malezi ya usiku bila malipo kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 4, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 8 usiku. Mtoto analala kwenye kitanda chake chini ya uangalizi, nanyi mnakula bila kukimbizana. Katika kampuni nyingine nyingi huduma ya watoto wachanga hulipiwa kwa saa. Kabini zake zina birika la umeme, jambo ambalo mama wa mtoto wa chupa ataliona neema, kwani meli za Kimarekani kwa kawaida hazina, na huruhusiwi kuleta lako. Kwa asiyepata nyama ya halali, wali, dengu na samaki vinapatikana na vina ladha. Ila mchuzi wa Kihindi uulizie kila mara, kwa sababu korosho husagwa ndani yake na huwezi kuiona.

Ya pili ni Disney, ambayo huleta meli Southampton majira ya joto tu. Kwa mtoto ambaye mzio wake unaweza kumtoa roho, mimi ningeipandisha iwe ya kwanza. Sababu ni utaratibu wake wa mezani: kila jioni familia inahamia mgahawa mwingine, na wahudumu wale wale wanahama nayo. Maelezo unayatoa siku ya kwanza, na watu wanaokuja mezani kwako siku ya nne ni wale waliokusikia. Watoto hunawa mikono kabla ya kuingia kwenye klabu yao. Hilo lina maana kubwa, maana virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara melini, haviuawi vizuri na dawa ya mikono yenye spiriti. Sabuni na maji ndiyo dawa. Kilichoishusha ni bei. Familia ya watoto wawili huweza kulipa kwa siku chache humu kiasi cha wiki nzima kwingine, na nasari ya walio chini ya miaka 3 bado inalipiwa.

Royal Caribbean naiweka ya tatu. Klabu ya watoto ni nzuri, lakini huanza miaka 3, na sharti mtoto awe ameacha pampasi. Hapa wazazi wengi hushtuka wakiwa wamekwisha kulipa. Mtoto wa pampasi haingii hata kwenye bwawa la kawaida, hata akivaa pampasi ya kuogelea, kwa sababu za usafi wa maji. Baadhi ya meli zake zina sehemu ya maji ya wachanga, kwa hiyo uliza meli kwa jina.

Jambo jingine la kampuni za Kimarekani: sheria ya Marekani inataja vyakula 9 vikuu vya mzio, ya Uingereza na Ulaya inataja 14. Haradali, selari na konokono wa baharini havimo kwenye orodha ya Marekani. Mtoto wako akidhurika na haradali, itaje kwa jina lake, usiseme tu “ana mzio”.

MSC ni ya nne. Mara nyingi watoto wanaolala kabini moja na wazazi wawili hulipa kodi za bandari tu, kwa hiyo familia kubwa itaipenda. Ila abiria na wahudumu wanatoka mataifa mengi, na maelezo ya mzio yanahitaji kurudiwa. Beba kadi iliyoandikwa.

Kwa ndugu walioko Ghuba, kuna kampuni ya meli ya Aroya ya Saudia, iliyoanza safari kutoka Jeddah Desemba 2024. Chakula chote ni halali na pombe haipo. Ningekuwa Muscat au Dubai, ningeanza kuulizia hapo.

Kabla hujalipa amana, andika barua pepe ukiuliza nyama ya halali inatoka wapi na je, inapikwa melini au huletwa ikiwa imepikwa na kufungwa. Jibu la “tutajitahidi” lihesabu kuwa hapana. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hapokelewi, na safari za kuvuka bahari kuu hudai miezi 12. Wenye pasipoti ya Tanzania au Kenya wanahitaji viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kwa Norwe. Kibali cha kuishi Uingereza hakitoshi.

Siku ya kupanda, masanduku huchukuliwa bandarini na yanaweza kufika kabini jioni. Sindano mbili za adrenalini, dawa ya mzio, pampasi na maziwa ya siku nzima viwe kwenye mkoba wa mkononi. Ukishaingia melini, mume abaki na watoto, wewe nenda moja kwa moja ukumbi wa chakula ukamtafute mkuu wa wahudumu, kabla foleni ya mchana haijaanza.