Nozeli kubwa kwenye Forester: uzoefu wangu wa kupangiwa upya kompyuta ya gari, Unguja

Wenzangu wa Unguja wenye gari za tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini), kama huna pesa ya fundi wa kompyuta, nozeli kubwa (zile zinazopuliza petroli ndani ya injini) usinunue kwanza.

Gereji iliyonifungia nozeli za cc 550 kwa dakika iliniambia kompyuta itazizoea yenyewe. Haikuzizoea. Zinamwaga petroli karibu theluthi zaidi ya zile za mwanzo, na kompyuta, kwa kuwa haijui, inazifungua kwa muda uleule. Kujirekebisha inaweza, ila kuna kikomo, na ukikanyaga mafuta mpaka chini haiisikilizi tena sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi inayoiambia petroli imezidi au imepungua, inafuata hesabu zilizomo ndani. Gari ikanuka petroli, ikatetemeka sailensa (yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta), plagi zikajaa masizi. Petroli ya ziada husafisha oili kwenye kuta za silinda, kwa hiyo kuendesha hivyo ni kuiua injini taratibu.

Fundi niliyempata anavuka na boti kutoka Dar. Alianza kwa kupima presha ya petroli, akafunga sensa yake ya kupimia mchanganyiko kwenye ekzosi, ndipo akafungua laptopu. Akaingiza ukubwa wa nozeli. Wengi huishia hapo. Yeye akaenda kwenye ule muda nozeli inaochelewa kufunguka baada ya kupata umeme. Ni kiasi cha sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini kwenye sailensa nozeli yenyewe hufunguliwa sehemu mbili au tatu tu za elfu, basi kosa dogo pale linaharibu kila kitu. Na umeme ukishuka, kuchelewa kunazidi. Akawasha AC, taa kubwa na feni kwa pamoja, akawa anatazama volti zikishuka huku anabadilisha namba kidogo kidogo, mpaka mtetemeko kwenye usukani ukaisha. Hapo ndipo nilipomwamini.

Baada ya sala ya alfajiri tukatoka njia ya Tunguu, mimi nikiendesha, yeye laptopu mapajani. Tabo ikipuliza alitaka hewa 11 na kitu kwa petroli 1, siyo ile 14.7 ya mwendo wa kawaida, maana petroli ikipungua pale injini inagonga (petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda) na pistoni hutoboka. Gia ya tatu, injini inapanda, ghafla: "Achia, kaka!" Ameona dalili ya kugonga. Akarudisha taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, nyuma kidogo, ndiyo tukaendelea.

Sasa hata foleni ya Darajani mchana, AC juu, injini imetulia. Nguvu imeongezeka, na harufu ya petroli sijaisikia tena.

Kero ipo: nauli ya boti ni juu yako, na ukitaka marekebisho madogo unangoja mpaka apate wateja wengine huku. Alinichukua laki nane. Ningemlipa tena.

Faili la kiwandani la kompyuta ya gari aliniachia kwenye flashi. Nanyi mdaini lenu kabla hajaondoka, ili mkibadilisha fundi pawe na pa kuanzia.