Hifadhidata ya sifongo duniani: hodari wa majina, kimya kuhusu pango

World Porifera Database ni huduma ya bure ya mtandaoni inayoorodhesha sifongo, wanyama sahili wa majini, wa dunia waliokwisha kupewa majina ya kisayansi, zaidi ya spishi 9,000. Nimeipima kwa spishi moja, Lycopodina hypogea, sifongo mla nyama wa mapango ya Bahari ya Mediteranea, ambaye maumbile na makazi yake hayafanani na ya sifongo wa kawaida.

Upande wa majina sina lawama. Ukitafuta jina la zamani, Asbestopluma hypogea, unaelekezwa kwenye jina linalokubalika leo, unatajiwa Jean Vacelet na Nicole Boury-Esnault walioieleza spishi hii mwaka 1996, na unaonyeshwa nasaba yake hadi familia ya Cladorhizidae. Ni rejista ya vizazi inayotunzwa na wataalamu, na mwandishi wa tasnifu anaweza kuinukuu bila wasiwasi.

Anayetaka kumjua mnyama mwenyewe hatoshelezwi. Sifongo wengine huvuta maji kupitia vitundu vya mwilini na kuyachuja kwa seli zenye mijeledi, yaani vikia vinavyosukuma maji. Huyu hana vitundu hivyo, hana mifereji, wala hana seli za kuchujia. Ana mwili wa umbo la yai juu ya kikonyo chembamba, kimo chake hakifiki sentimita 2, na mwilini hutoka nyuzi ndefu zilizojaa miiba midogo mno ya silika (madini kama kioo) yenye ndoano. Kiumbe mdogo wa jamii ya uduvi akigusa uzi, miguu na vinyweleo vyake hunasa, kisha seli za sifongo huhama kumfuata, zikamfunika na kummeng'enya kwa siku kadhaa, bila mdomo wala tumbo. Ukurasa usiogusia hayo, kwa maoni yangu, umemtaja mnyama bila kumwonyesha.

Kuhusu makazi, upungufu ni mkubwa zaidi. Kipengele cha mazingira kinaeleza tu kama spishi ni ya baharini, ya maji ya chumvi hafifu, ya maji yasiyo na chumvi au ya nchi kavu, na jibu la "baharini" ni la kweli lakini halisaidii. Jamaa wengi wa familia hii huishi vilindini. Huyu alipatikana katika pango la 3PP karibu na La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, kwenye kina kisichozidi mita 25, na baadaye katika mapango ya Korasia. Sakafu ya 3PP huteremka kuanzia mlangoni, hivyo maji ya majira ya baridi huzama humo na kukwama chini ya maji ya kiangazi yaliyo mepesi zaidi, yakabaki kati ya nyuzijoto 13 na 15 mwaka mzima. Pamoja na giza na uhaba wa chakula, hali hiyo inakaribia ile ya vilindi, ila mpiga mbizi anaifikia. Ndiyo maana watafiti waliweza kumtazama sifongo huyu akila, wakatangaza ugunduzi huo katika jarida la Nature mwaka 1995. Ramani ya hifadhidata, inayoonyesha maeneo makubwa ya bahari, haiwezi kueleza hayo.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Mwanafunzi aitumie kupata jina sahihi na marejeo ya maelezo ya kwanza, kisha aende kuyasoma maelezo yenyewe. Nyota ya nne ningeitoa kwa kipengele kimoja tu cha ziada: aina ya makazi, pango likiwemo, pamoja na kina cha maji.