Kinga ya Virusi kwa Kompyuta ya Mwanafunzi: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mwanafunzi anayejiandaa kwenda chuo hununua kompyuta mpakato, mara nyingi iliyokwisha kutumika, iwe ni Kariakoo au Luthuli Avenue, na kabla hajaondoka dukani huulizwa kama angependa kuwekewa kingavirusi. Wengi hukubali na kulipa bila kujua wanalipia nini. Hapa nimezipanga njia za kujikinga kwa kufuata kile kinachostahili pesa ya mwanafunzi kwanza, na kilichoshika nafasi ya juu si kingavirusi.

Nafasi ya kwanza naipa diski ya nje ya kuhifadhia nakala, ya terabaiti 1 au hata nusu yake. Virusi vinavyomwumiza mwanafunzi kuliko vyote ni vile vya kudai fidia, ambavyo hufunga mafaili kwa msimbo na kumtaka mwenye mali alipe ndipo afunguliwe. Mei 2017 virusi vya aina hiyo vilivyoitwa WannaCry vilienea duniani kwa siku chache na kuzikwamisha hata hospitali za Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama lililotumika, tangu Machi mwaka huohuo. Mafaili yakishafungwa, kingavirusi inaweza kumwondoa mharibifu, lakini kwa kawaida haiwezi kuirudisha tasnifu. Nakala ndiyo huirudisha. Sharti ni moja: diski ichomolewe kila nakala inapokamilika, kwa sababu ikiachwa imechomekwa nayo hufungwa pamoja na mengine. Asiyeimudu diski kwa sasa atumie Google Drive, ambayo hutoa gigabaiti 15 bure, nafasi inayotosha kabisa kwa kazi za maandishi, mradi bando liwepo.

Nafasi ya pili ni Windows halali inayoendelea kusasishwa, na hapa uamuzi hufanyika siku ya kununua kompyuta yenyewe. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wameahidiwa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026 tu. Windows 11 nayo haikubali rasmi kompyuta zenye prosesa (chipu kuu ya kompyuta) za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache mno. Kwa hiyo soma namba ya prosesa kabla ya kuuliza bei: Core i5-6300U ni ya kizazi cha sita, ilhali Core i5-8350U ni ya kizazi cha nane. Kuongeza pesa kidogo ili kupata ya pili kuna faida kubwa kuliko leseni yoyote ya kingavirusi, kwa kuwa Windows 11 huja na Microsoft Defender, kingavirusi ya Microsoft yenyewe, ndani yake, bila malipo na bila tarehe ya kuisha, na maabara ya AV-TEST ya Ujerumani, inayopima kingavirusi, imekuwa ikiipa alama za juu kwa miaka kadhaa sasa. Ukiipata kompyuta, fungua Windows Security, washa sehemu ya kulinda mafolda dhidi ya virusi vya kudai fidia, ambayo kwa kawaida huja ikiwa imezimwa, kisha uache masasisho yafanye kazi yake.

Ya tatu haigharimu kitu: Malwarebytes ya bure, programu ya kusaka na kuondoa virusi, kwa ajili ya ukaguzi wa pili pale unaposhuku jambo. Mfano ni virusi vya flashi, ambavyo mwanafunzi huvipata steshenari anapokwenda kuchapa kazi. Akirudi hosteli anakuta kila folda ina kamshale kadogo pembeni na ukubwa wa kilobaiti chache tu. Hapo asibofye chochote, kwa maana kile chenye kamshale si folda bali ni kifupisho (shortcut), nacho huendesha virusi kwanza, kisha hufungua folda ya kweli ili mtu asihisi lolote. Mafaili yake bado yapo, yamefichwa tu. Aisafishe flashi kwa kingavirusi, halafu afungue dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika amri hii, akibadilisha E kwa herufi ya flashi yake: attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kingavirusi za kulipia, kama Bitdefender, ESET na Kaspersky, naziweka nafasi ya nne. Ni programu nzuri, na zinamfaa anayechomeka flashi za watu kutwa nzima au wenzake watatu wanaoweza kuchangia leseni moja ya vifaa kadhaa. Hakikisha leseni ni ya eneo lako, maana nyingi hufungwa kwa eneo, na ukumbuke kwamba malipo hurudi kila mwaka. Anayetarajia kwenda kusoma Marekani asichukue Kaspersky, kwani uuzaji na usasishaji wake ulipigwa marufuku huko mwaka 2024.

Avast na AVG za bure zinafuata kwa mbali. Zinakamata virusi, lakini mwaka 2024 mamlaka ya Marekani inayolinda watumiaji iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo wateja wake walikuwa wakizitembelea. Kwa kuwa Defender ipo na hujiweka kando kingavirusi nyingine inapoingia, sioni sababu ya kuhatarisha faragha yako ili upate kingavirusi ya bure.

Ya mwisho, na isiyostahili hata shilingi moja, ni programu iliyovunjwa leseni, iwe kingavirusi, Office au Windows yenyewe. Maelekezo yake karibu kila mara huanza kwa kukutaka uzime Defender, na virusi vya kudai fidia vinavyoitwa STOP vimeenea kwa miaka kupitia programu za namna hiyohiyo. Kwa hiyo, kabla hujalipia kompyuta iliyotumika, mwombe muuzaji afungue dirisha la amri na kuandika slmgr /xpr. Ikitokea tarehe ya kuisha wakati kompyuta si ya taasisi, kuna uwezekano mkubwa kuwa Windows hiyo imewashwa kwa njia ya wizi. Mtake aweke iliyo halali mbele yako, au uende duka la pili.