Kihema cha Mabakamabaka ya Msituni: Tathmini kwa Wapiga Picha za Ndege wa Nairobi

Kihema cha kujifichia ninachokitathmini hapa ni cha mtu mmoja aliyeketi kwenye kigoda, kinachojikunjua chenyewe kikitolewa mfukoni, na kimeshonwa kwa kitambaa cha poliesta kilichochapwa mabaka ya rangi nne: nyeusi, kahawia, kijani na rangi ya mchanga. Nilikinunua kwa muuzaji wa mtandaoni aliye katikati ya jiji la Nairobi kwa shilingi 6,500, ilhali kihema cha umbo lile lile chenye rangi moja ya kijani kilichofifia kilikuwa shilingi 4,800. Sababu pekee aliyoitoa muuzaji kuhusu tofauti hiyo ni kwamba cha kwanza kina mchoro halisi wa kijeshi. Kwa kuwa mnunuzi analipia mchoro, ni haki mchoro wenyewe ndio upimwe: ulibuniwa wapi, kwa kazi gani, na kama kazi hiyo inalingana na ya mtu aliyejificha mita chache tu kutoka kwa ndege.

Jambo linalonifurahisha kuhusu historia hii ni kwamba mabakamabaka ya kuchapwa kiwandani yalianzia kwenye mahema kabla hayajafika kwenye magwanda. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Ufaransa iliunda mwaka 1915 kikosi cha wasanii waliopaka rangi mizinga na kutengeneza nyavu za kuifunika, lakini kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Mwaka 1929 Italia ilitoa kitambaa cha hema kilichochapwa mabaka ili kitumiwe na jeshi zima, na mwaka 1931 Ujerumani ikafuata kwa turubai la pembetatu ambalo askari aliweza kulivaa kama joho la mvua au kuliunganisha na ya wenzake wakapata hema. Kwa hiyo anayejificha leo ndani ya kihema cha mabaka anakirudisha kitambaa hicho kwenye kazi yake ya awali.

Mchoro uliochapwa kwenye kihema hiki, hata hivyo, ni wa ukoo mwingine. Mwaka 1948 maabara ya utafiti ya wahandisi wa Jeshi la Marekani, iliyokuwa Fort Belvoir katika jimbo la Virginia, ilibuni mchoro wa majani na matawi unaojulikana kwa herufi za maabara hiyo, ERDL. Ulikaa kabatini karibu miaka ishirini hadi ulipotolewa kwa askari waliokuwa Vietnam, kwenye msitu mnene ambamo adui aliweza kuwa hatua chache tu mbele. Baada ya vita hivyo macho ya Marekani yaligeukia Ulaya, ambako ilitarajiwa kwamba mapigano yangekuwa ya masafa marefu zaidi, na matokeo yake ni mchoro ulioidhinishwa mwaka 1981, unaoitwa M81 Woodland, yaani wa msituni, na ndio uliochapwa kwenye kihema hiki. Kimsingi ni ERDL iliyopanuliwa kwa asilimia 60, kingo za mabaka zikachorwa upya na rangi zikarekebishwa. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliutumia hadi katikati ya miaka ya 2000, na katika miaka hiyo ukaigwa duniani kote. Msomaji wa Kenya asiuchanganye na ule wa Uingereza uitwao DPM, uliotoka mwaka 1960, ambao magwanda ya wanajeshi wetu yaliufuata kwa miaka mingi. Huo una mistari inayofanana na mipigo ya brashi iliyokaukiwa rangi.

Upanuzi huo wa asilimia 60 ndio kiini cha tathmini yangu. Mabaka hayamfichi mtu kwa kufanana na majani tu; yanamficha kwa kuvunja umbo lake, yaani jicho linasoma kingo za mabaka na kushindwa kusoma kingo za mwili. Mtaalamu wa wanyama Mwingereza Hugh Cott alilieleza hilo kwa ufasaha mwaka 1940 kwa kutumia mifano ya vyura, ndege na nondo, na baadaye akayafundisha majeshi ya nchi yake. Lakini kila baka lina umbali wake. Baka dogo likitazamwa kutoka mbali huyeyukia kwenye jirani zake, na kitambaa kizima kikaonekana cha rangi moja. Baka kubwa likitazamwa kwa karibu huonekana kama baka, kwa sababu katika kichaka halisi hakuna jani wala kivuli chenye ukubwa huo.

Ndivyo inavyotokea kwenye kihema hiki. Nilikisimamisha katika shamba la rafiki yangu upande wa Karen, pembeni mwa kichaka cha mikrotoni, kisha nikakitazama nikirudi nyuma polepole. Kutoka mita arobaini nilikuwa nikijua kilipo na bado jicho langu lilikuwa likikipita. Kwenye mita sita, umbali ambao ndege mdogo anapaswa kukizoea ndipo picha ipatikane, baka la rangi ya mchanga lenye upana unaozidi shubiri lilikuwa limejitokeza waziwazi katikati ya majani yasiyozidi kidole. Kiwanda pia kimeiharibu rangi nyeusi. Katika mchoro wa asili nyeusi huchorwa kama vijiti na matawi yenye ncha kali, na hivyo kutoa hisia ya kina, kana kwamba kuna giza nyuma ya majani. Hapa vijiti hivyo vimelainishwa vikawa madoa mafupi, na kina chote kimepotea. Anayeuza kwa jina la uhalisi anapaswa kuulizwa juu ya hilo kwanza.

Tatizo la umbali lina suluhisho, na majeshi yalishalipata. Ofisa wa Marekani Timothy O'Neill alijaribu katika miaka ya 1970 mchoro wa vijimraba ambavyo kwa karibu ni vidogo na kwa mbali hujikusanya kuwa mabaka makubwa, na Kanada ikaja kutumia wazo hilo katika mchoro wake wa CADPAT mwishoni mwa miaka ya 1990. Wajerumani walifika karibu na hapo kwa madoa madogo yanayoingiliana kingoni. Kihema chenye mchoro wa aina hiyo kingetufaa zaidi sisi tunaofanya kazi kwa karibu.

Kuhusu rangi, kijani chake kinapatana vizuri na Nairobi ya mwezi wa Mei, mwishoni mwa mvua za masika, hasa chini ya kivuli cha mihugu na mikrotoni. Februari, nyasi zikiwa zimekauka na udongo mwekundu ukionekana, kinasimama peke yake kama kisiki kibichi. Kosa kubwa zaidi ni mng'ao. Poliesta hii hurudisha mwanga wa jua la adhuhuri, na hakuna mchoro wowote unaoweza kuficha kitu kinachong'aa. Kivuli cha mti si hiari kwa mwenye kihema hiki.

Hapo linaingia suala la macho ya ndege. Ndege wengi huona rangi nyingi kuliko sisi, baadhi yao wakiona hata miale ya urujuanimno tusiyoiona sisi, ilhali sabuni nyingi za unga huwekwa kemikali za kung'arisha nguo ambazo hubadilisha miale hiyo kuwa mwanga wa buluu. Kwa hiyo kihema kifutwe kwa maji matupu. Askari wa Marekani nao walikatazwa kuyatia wanga magwanda ya M81, maana rangi zake zilitengenezwa zisitofautiane sana na majani zikitazamwa kwa darubini za usiku zinazotumia infraredi, miale nyingine isiyoonekana kwa macho yetu, na wanga uliharibu kinga hiyo.

Ushonaji wenyewe nausifu. Nyuzi za kona ni mara mbili, fremu ya chuma chembamba haijapinda, na madirisha matatu yana wavu mweusi wa ndani unaozuia ndege asione mkono ukisogeza lenzi. Kwa maoni yangu wavu huo unaficha zaidi kuliko mchoro wote wa nje. Zipu ya mlango ina kelele na inahitaji kupakwa nta ya mshumaa. Ndani kuna joto kali kuanzia saa nne asubuhi.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakulitaja na ambalo kila mnunuzi lazima alijue. Nchini Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare za kijeshi wala mavazi yanayofanana nazo, na watu hukamatwa kwa sababu hiyo. Kihema si vazi, lakini mfuko wake nao una mabaka yale yale na mikanda ya kubebea mgongoni, na anayeshuka nao kutoka kwenye matatu kituoni atajibu maswali ambayo mpiga picha hana haja nayo. Mimi hukibeba ndani ya begi la kawaida na kukisimamisha katika ardhi ya mtu binafsi kwa ruhusa yake tu. Kwa msitu wa Karura au bustani ya Arboretum, zungumza na wasimamizi kabla ya kwenda, na kamwe usijitande kitambaa hiki mabegani hata mvua ikinyesha.

Kwa anayepiga picha za mbega au tai kwa lenzi ndefu, kutoka ng'ambo ya bonde na chini ya kivuli, mchoro huu unafanya kazi uliyobuniwa kuifanya. Kwa anayengoja chozi kwenye maua au mdiria kando ya kijito, achukue kile cha kijani kilichofifia, ajiongezee matawi mabichi yaliyokatwa hapo hapo, na shilingi 1,700 zinazobaki azitumie kununua kigoda kisicholia.